Niletee Wimbo Wenyewe, Sitaki Linki

Mwimbaji akinijia na wimbo mpya, ataka nimwelekeze namna ya kuutangaza mtandaoni, simuulizi kama ana video wala ana wafuasi wangapi. Namuuliza hivi: kwenye simu yako mna namba za watu wangapi waliokaa mbele yako wakakusikia ukiimba, wakapenda? Wengi hunyamaza. Wafuasi wanao, elfu na ushei, lakini namba za watu hawana. Basi hapo ndipo huanzia, maana kwa niliyoyaona, mtandao hauokoti wasikilizaji barabarani ukakuletea. Huwachukua wale uliowapata mwenyewe ukumbini, na hao ndio wanaoubeba wimbo hadi usikofika wewe.

Mimi hupiga kinanda. Mwimbaji wetu ni binti wa mamangu mdogo, na kazi yetu kubwa ni harusi za hapa Mombasa: Kisauni, Majengo, Mji wa Kale, na zaidi usiku wa kupamba. Mara mojamoja hupata mahoteli ya Nyali na Bamburi, ambako hutaka nyimbo za kuchangamsha watalii. Hatuna lebo wala meneja. Nyimbo tunatunga wenyewe, mahadhi ya chakacha na bango, maneno ya mafumbo kidogo, na chini yake ngoma ya kompyuta. Kazi ya kuzitangaza ilinijia mimi kwa sababu simu yangu ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kuhifadhi vitu.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mwenye duka. Mombasa ilikuwa na watu kama Assanand, waliouza santuri na kuwa na lebo yao ya Mzuri, na wakati wa kaseti palikuwa na Mbwana Radio Service. Msafiri wa Lamu au Unguja alibeba kaseti ya taarabu ya Juma Bhalo mkobani pamoja na nguo zake. Wapo pia waliotangazwa na mahoteli: bendi ya Them Mushrooms, walioanza mwaka 1972, walipigia wageni ufuoni, na mgeni akirudi kwao Ulaya alirudi na wimbo. Siku hizi mwenye duka ni wewe, na mkoba wa msafiri ni simu.

Kabla ya yote kuna shughuli ya makaratasi, niipitishe haraka. Spotify na Apple Music hazipokei wimbo moja kwa moja kwa mwanamuziki. Ni lazima upitie kwa msambazaji, kama vile DistroKid, TuneCore au CD Baby. Wako wanaotoza ada ya mwaka, na ukiacha kulipa nyimbo zako zaweza kuondolewa. Wako wanaotoza mara moja kisha wakachukua asilimia ya mapato. Audiomack, Mdundo na YouTube waweza kupandisha mwenyewe bila kulipa. Mdundo nawapendea jambo moja: msikilizaji hupakua wimbo akawa nao, na kwa makanga anayejaza flashi ya matatu hilo ndilo lenye maana. Spotify ilifika Kenya Februari 2021, na ina heshima yake, lakini wanaotuita harusini hawako huko. Wako YouTube, Boomplay na WhatsApp.

Wimbo mpeleke kwa msambazaji mapema, majuma matatu au manne kabla ya siku ya kutoka. Spotify inakuruhusu kuwaombea wahariri wake wausikilize, lakini ombi hilo hupokelewa kabla ya wimbo kutoka tu, na ukilituma siku 7 kabla au zaidi, wimbo utaingizwa pia kwenye orodha ya nyimbo mpya ya wale wanaokufuata. Sisi hatujawahi kuchaguliwa na mhariri yeyote. Bado naomba kila mara, kwa kuwa haina gharama.

Jina ndilo lililotusumbua. Binamu yangu anatumia jina lake mwenyewe jukwaani, na ni jina ambalo huku Pwani ukiliita sokoni Kongowea watageuka watu kumi. Wimbo wetu mmoja ulipotoka, msambazaji aliuweka kwenye ukurasa wa kijana mwengine kabisa, jina herufi kwa herufi, anayerapu kwa lugha tusiyoijua. Picha yake ina mikufu mitatu shingoni na mbwa. Kwa majuma kadhaa mashabiki wa kijana yule walikuwa wakiletewa wimbo wa kumuaga bibi harusi. Binamu yangu aliingia kwenye ukurasa ule, akaitazama ile picha, akaniambia, "Dada, mamangu asiione hii." Tuliwaandikia msambazaji, wakajibu pole pole kama wanavyojibu wote, mwisho wakamfungulia binamu yangu ukurasa wake mwenyewe. Tangu hapo wimbo ukipelekwa, linki ya ukurasa sahihi wa mwimbaji nayo huwekwa kwenye fomu, na baada ya jina lake tumeongeza la babake. Ukiwa bado hujatoa kitu, litafute jina lako YouTube na Spotify kabla hujalichapa kwenye bango.

Sasa nije kwenye kupamba, maana huko ndiko nilikojifunza zaidi.

Asiyekujua kupamba kwa Mombasa aelewe hivi: ni usiku wa wanawake watupu. Mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, dhahabu ziko nje, bibi harusi ameketi juu amepambwa. Nyumba nyingi haziruhusu simu kupiga picha, na kumbi nyengine simu hukusanywa mlangoni zikatiwa kwenye mfuko. Kwa hivyo wasikilizaji wetu walio moto kabisa, wanaosimama wakacheza, wanaotunza, wanaopiga vigelegele mpaka kinanda hakisikiki, hao hawawezi kuturekodi hata sekunde moja. Mafunzo yote ya kutangaza muziki hukwambia urekodi umati ukifurahi uupandishe. Sisi umati tunao, na hautarekodiwa.

Tukabaki na sauti. Nilianza kukaa karibu na mlango shughuli ikimalizika, pale wanapochukua simu zao na kuvaa mabuibui. Anayetaka wimbo aliousikia, namtajia namba yangu aihifadhi, kisha anitumie jina lake na jina la wimbo. Yeye aihifadhi yangu, hilo ni lazima. Kwenye WhatsApp, ukitumia orodha ya matangazo, ujumbe humfikia yule tu ambaye namba yako ameihifadhi, na orodha moja haipiti watu 256. Ukikusanya namba za watu bila wao kuhifadhi yako, utatuma kutwa nzima na hautafika popote, na hutaambiwa.

Usiku mmoja Majengo, mama mmoja mtu mzima alikuja na simu yake, kioo kimepasuka pembeni, kasha la rangi ya dhahabu. Wimbo aliutaka wa bintiye aliye Jidda. Nikamtumia linki ya YouTube. Akaibonyeza, akangoja, kile kiduara kikazunguka. Akanitazama.

"Mwanangu, hii yataka bando. Niletee wimbo wenyewe, sitaki linki."

Nikamweleza kwamba akisikiliza kwa linki, sisi twahesabiwa.

"Na mimi bando yangu nani atanihesabia?"

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka, nami nikacheka, nikamtumia faili ya sauti. Akaisikiliza kidogo pale pale ameiweka sikioni, akaridhika, akaituma Jidda akiwa bado amesimama mbele yangu.

Wajuzi wa mambo haya watasema nilitupa hesabu. Lakini siku chache baadaye, nilipofungua takwimu za YouTube upande unaoonyesha watazamaji wako nchi gani, Saudi Arabia ilikuwa imepanda ikaifuata Kenya, na Oman ikawa nyuma yake. Faili ile ilizunguka kwenye makundi ya wanawake wa Pwani wanaofanya kazi Uarabuni, na huko wengine wana intaneti ya nyumba ya tajiri, bando haiwasumbui. Waliusikia wimbo kwa faili, wakaja wenyewe YouTube kuutafuta. Tangu siku hiyo sipeleki linki peke yake. Kwanza faili ya sauti, iliyopunguzwa ukubwa na kuandikwa jina la wimbo na la mwimbaji vizuri ndani yake ili ikizunguka isipotee jina, kisha linki chini yake kwa mwenye kutaka.

Takwimu zile zimetubadilishia mengine pia. Zamani tulikuwa twatoa wimbo Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku ya harusi. Wikendi ya Saudia ni Ijumaa na Jumamosi, na wengi wa wale dada ni wafanyakazi wa nyumbani, simu huishika usiku kazi zikiisha. Sasa twatoa Alhamisi usiku. Saa zao na zetu ni moja, kwa hivyo hakuna hesabu ya kupiga. Maoni huanza kuingia saa sita usiku. Mengine ni marefu, mtu anaeleza alivyoikosa harusi ya mdogo wake, akausikiliza wimbo jikoni kwa watu. Hayo nayajibu yote, hata ikinichukua asubuhi nzima. Mmoja wa wale dada alituandikia tumwimbie nduguye anayeolewa Likoni, akalipa kwa kutuma pesa kwa simu kutoka huko huko. Kazi ile moja ilitulipa kuliko yote yaliyowahi kutoka kwenye majukwaa ya kusikiliza.

Kwa video hatuna uwezo wa mambo makubwa, na sidhani yanahitajika kwa muziki wetu. Tunaweka picha moja nzuri na maneno ya wimbo yakipita. Watu wa Pwani wanataka maneno. Wanayasoma, wanayarudia, halafu huanza: hapa anasemwa nani? Fumbo likiwa limetungwa vizuri, ubishi wa kwenye maoni utautangaza wimbo bila senti. Tuna ubeti mmoja wa mke mwenza na funguo za kabati, na mpaka leo kuna watu wawili Kisauni ambao kila mmoja anaamini ametungiwa yeye. Hatujibu. Binamu yangu alitaka kufafanua, nikamkataza.

Halafu jina la video. Mtu hakumbuki jina la wimbo, anakumbuka mstari, au anakumbuka shughuli. Anaandika "wimbo wa kumuaga bibi harusi", au anaandika nusu ya kiitikio kwa tahajia yake. Kwa hivyo mstari wa kiitikio uwemo kwenye maelezo, juu kabisa, na shughuli itajwe kwenye kichwa. Ukiandika jina zuri la kishairi peke yake, atakupata anayekujua tu.

TikTok nimeichelewea kuipenda. Niliona ni mahali pa kucheza, na binamu yangu amevaa vyake vya heshima, hachezi mbele ya kamera. Waliotupeleka huko ni wengine. Mama muuza viazi karai alijirekodi akikaanga, unga wa manjano umemjaa vidoleni, mafuta yanachemka, na nyuma yake kiitikio chetu kinapiga. Viazi vikawavutia watu, wimbo ukapanda navyo. Akaja mwengine na mahamri, mwengine na mbaazi za nazi. Mapishi yamekuwa ndiyo video zetu, na hatupiki sisi. Ila jambo moja la kuangalia: ukijipandishia video yenye wimbo wako, TikTok huihesabu kama sauti mpya, tofauti na ile rasmi iliyopelekwa na msambazaji. Watu wakiitumia hiyo ya kwako, zile video hazijumlishwi na wimbo wenyewe. Ngoja ile rasmi iingie, uitumie hiyo, na wengine uwape hiyo hiyo. Wasambazaji wengi hukuruhusu kuchagua sekunde ambayo kipande kitaanzia. Sisi huanzia kiitikio, kwa sababu utangulizi wa kinanda changu ni mrefu na hakuna aliye na subira nao isipokuwa mimi.

Redio bado ina nguvu kuliko vijana wanavyodhani. Pwani FM, Baraka FM na Radio Rahma zinasikilizwa madukani, kwenye tuktuk, na jikoni. Mtangazaji akiupiga wimbo wako, mwombe mtu arekodi ile sehemu anayotaja jina, uiweke kwenye stetasi. Watu wa mtaani, hata wasiosikiliza redio, wakisikia umetajwa redioni wanakuona mtu mwengine.

Wanaouza wasikilizaji wapo, na watakufuata. Kuna mmoja, simtaji, alimchukulia pesa rafiki yetu anayeimba kizazi kipya, akamwahidi maelfu ya kusikilizwa kwenye orodha za nyimbo. Maelfu yalikuja kweli, yote kutoka mji mmoja wa mbali ambao rafiki yetu hajausikia, kisha wimbo ukaondolewa. Tangu 2024 Spotify hutoza msambazaji faini wimbo wake ukigunduliwa na usikilizaji bandia mkubwa, na msambazaji naye hukugeukia wewe. Mwaka huo huo ndio walioweka sharti kwamba wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi. Kwa hivyo msanii mdogo anayetoa nyimbo kumi kwa pamoja, kila mmoja ukasikilizwa mara mia tisa, hapati kitu, na mwenye wimbo mmoja uliofika elfu mbili anapata japo za chai. Sisi huutangaza wimbo mmoja kwa miezi, mpaka sisi wenyewe tuuchoke. Wasikilizaji ndio kwanza wanaujua.

Na biti za kukodi mtandaoni, angalia sana. Biti ile ile wamekodishwa wengine mia. Mmoja wao akiisajili kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo, wimbo wako utadaiwa na mapato yaweza kwenda kwake, au yakazuiwa mpaka mmalize kubishana. Ndiyo maana ngoma zetu nazipanga mwenyewe, hata kama si za kisasa sana.

Pesa za YouTube zina ngazi zake. Sharti la matangazo kwa video za kawaida ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukipita hapo, mapato yakifika dola 10 Google hukutumia namba ya siri kwa barua ya karatasi, kwa posta, na bila namba hiyo hulipwi. Sisi hatukuwa na sanduku la posta. Nani ana sanduku siku hizi? Tulitumia la mjomba, ambaye bado analo pale posta kuu, 80100, na hulifungua anapokumbuka. Nilikuwa nikimpigia, "Mjomba, umepita posta?" naye hunijibu kwamba posta haikimbii. Barua ilipopatikana ilikuwa imebanwa kati ya bili mbili za maji. Kuna pia fomu ya kodi ya Marekani. Huikwepi kwa kuwa Mkenya: usipoijaza waweza kukukata hata kwenye mapato ya watazamaji wasio wa Marekani, na ukiijaza makato hubaki kwa yale ya huko tu. Pesa zenyewe hutumwa zikifika dola 100. Usisubiri hizo kulipa kodi ya nyumba. Skiza nayo iweke, ile huduma ya Safaricom ya wimbo badala ya mlio wa simu: mtu akipenda kiitikio huwawekea wanaompigia, na unachohitaji kumpa ni msimbo wa kubonyeza baada ya *811*. Tumeuchapa nyuma ya kadi zetu za harusi, chini ya namba ya simu.

Mgao tuliuandika kabla ya kuingia studio: kwenye kila wimbo kwanza asilimia ya mpiga dumbaki, na kinachobaki nusu ya mwimbaji na nusu yangu. Msambazaji wetu ana sehemu ya kugawa malipo, kila mtu akalipwa moja kwa moja. Mpiga dumbaki nilimwonyesha hesabu ya mwaka mzima kwenye simu. Akaitazama, akanirudishia simu, akasema, "Yakhe, nipe changu leo." Basi hulipwa siku ile ile ya kurekodi, taslimu, na asilimia yake tumeipeleka kwenye bando.